Chini ya Bustani ya Mungu: Kuvu za Udongoni na Nyasi Zisizoguswa na Jembe

Barabara inayotoka Chimala kwenda Matamba hupanda mlima kwa kona ambazo wenyeji walizihesabu wakaziita Hamsini na Saba. Ukizimaliza unajikuta katika nchi nyingine: baridi, upepo, na nyasi zinazokwenda mpaka jicho linapoishia. Huo ndio uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 takriban kilomita za mraba 413 za uwanda huo na misitu ya jirani zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Zaidi ya spishi 350 za mimea zimeorodheshwa hapo, na 45 kati yake ni okidi za ardhini.

Takwimu hizo hazikosekani katika kipeperushi chochote cha utalii, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo zinahesabu kinachoonekana. Chini ya ua moja la okidi kuna kuvu zinazoishi ndani ya mizizi, kuna zinazoozesha majani makavu, kuna zinazosubiri kinyesi cha ng'ombe, na kuna ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipa jina. Wengi wetu tunaijua kuvu kwa sura mbili tu: ukungu juu ya mkate uliolala, na fangasi wa vidole vya miguu. Wengine wataongeza uyoga. Kuvu zinazobeba nyanda za nyasi za milimani hazimo katika orodha hiyo, kwa kuwa nyingi hazioti uyoga kabisa.

Hoja yangu ni hii. Tunaposema uwanda fulani haujavurugwa, huwa tunaangalia moto, mifugo na nyayo za watu. Kwa kuvu za udongoni mpaka uko kwingine: uko kwenye jembe, kwenye mfuko wa mbolea, na kwenye mche wa mti uliopandwa mahali pasipo pake. Uwanda uliochomwa mara kwa mara na kulishwa ng'ombe unaweza kuwa mzima chini ya ardhi. Uwanda uliopendeza kwa ukijani, lakini ukalimwa viazi miaka kumi mfululizo, unaweza kuwa umekwisha kupoteza kilichoufanya uwe uwanda. Sera zetu za uhifadhi, na hasa kampeni zetu za kupanda miti, hazijauona mpaka huo.

Ndani ya mzizi wa nyasi

Tuanze na nyasi zenyewe. Chukua shina moja, osha mizizi yake, chemsha vipande vya mizizi hiyo katika maji yenye potasiamu haidroksaidi mpaka vipauke, suuza, kisha viloweke katika siki iliyotiwa wino wa kalamu. Njia hii ya wino na siki ilichapishwa mwaka 1998 ili kuziepuka rangi za maabara zenye sumu, na shule ya sekondari yenye hadubini na mwalimu makini inaiweza. Ukitazama, nyama ya mzizi imebaki nyeupe, lakini ndani yake zinapita nyuzi za buluu, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zikijipenyeza kati ya seli. Hapa na pale uzi mmoja umetoboa ukuta wa seli, ukagawanyika, ukagawanyika tena, mpaka seli yote imejaa vitawi vidogo. Kwingine kuna vifuko vya duara vyenye mafuta. Hiyo ndiyo mikoriza ya abaskula, na kwenye vitawi hivyo ndipo mmea na kuvu wanapobadilishana: mmea unatoa sukari na mafuta, kuvu inatoa madini, hasa fosforasi.

Uhusiano huu ni wa zamani sana. Katika mawe ya Rhynie huko Scotland, yenye umri wa takriban miaka milioni 407, vitawi vya namna hiyohiyo vimehifadhiwa ndani ya mashina ya mimea ambayo bado haikuwa na mizizi ya kweli. Leo karibu asilimia 70 ya spishi za mimea ya nchi kavu zinaishi hivyo, nyasi zikiwa miongoni mwao. Kinachoshangaza ni uchache wa majina: spishi zilizoelezwa rasmi katika kundi hili ni mia tatu na ushei tu. Kundi dogo la kuvu linahudumia sehemu kubwa ya mimea yote duniani.

Kitulo ina sababu ya ziada ya kuwategemea watumishi hawa. Udongo wake umetokana na mawe na majivu ya volkano, na mlima Rungwe ulio jirani ulilipuka kwa nguvu kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, ukatapika mawe mepesi ya volkano juu ya eneo pana. Udongo wa namna hii ni mweusi, laini, una mboji nyingi, na ukiushika unadhani hauna shida yoyote. Shida ipo kwenye fosforasi. Madini yanayotokana na majivu yaliyooza huikamata fosfeti na kuing'ang'ania, kiasi kwamba mmea unaishi kama mteja aliyesimama mbele ya duka lililojaa bidhaa na mlango umefungwa. Mzizi ukiwa peke yake humaliza fosfeti iliyo milimita moja au mbili kutoka pale ulipo, kisha hukaa na njaa. Nyuzi za kuvu huvuka eneo hilo lililokwisha na kufika sentimita kadhaa mbele, zikiingia katika matundu ambayo mzizi haupiti. Baridi nayo huchelewesha kuoza, kwa hiyo chakula kingi kimefungwa ndani ya mabaki ya mimea iliyokufa. Nyasi za mahali kama hapa hazina anasa ya kuishi bila kuvu.

Zipo kuvu nyingine ambazo nitazipitia haraka. Waozeshaji wa majani makavu ni wengi, na katika udongo wa baridi kundi la Mortierella hutokea sana. Zipo zinazoishi ndani ya majani ya nyasi bila kuonekana, nyingine zikiwa na faida na nyingine zikiwa sumu kwa mifugo. Kwenye kinyesi kibichi cha ng'ombe huota Pilobolus, kuvu yenye kichwa cheusi juu ya kifuko cha maji, ambayo hujielekeza kwenye mwanga wa asubuhi na kufyatua spora zake hadi mita mbili. Sababu ni rahisi kuielewa: ng'ombe hali nyasi zilizo kando ya kinyesi chake, na spora haina budi kuliwa ili isafiri.

Okidi na kuvu za kiazi

Okidi ndizo zinazotupa dirisha zuri zaidi, kwa kuwa kwazo kuvu ni suala la kuzaliwa au kutozaliwa. Tunda moja la okidi likikauka hupasuka na kumwaga maelfu ya mbegu nyepesi kama vumbi. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Mbegu ya mahindi hubeba wanga wa kuulea mche mpaka utoe majani; mbegu ya okidi ina seli chache tu na ganda. Ikianguka penye udongo usio na kuvu inayofaa, inakufa. Ikianguka penye kuvu, uzi unaingia, unajikunja ndani ya seli na kufanya fundo, na mche unaanza kuyeyusha fundo hilo na kuishi kwa sukari iliyotoka kwa kuvu. Mche huo unaweza kukaa chini ya ardhi kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka, bila jani moja. Mwanabotania Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1899, na kabla yake wakulima wa maua wa Ulaya walikuwa wakipoteza mbegu za okidi kwa mamilioni bila kuelewa kosa liko wapi.

Kuvu zinazofanya kazi hiyo zinatoka katika familia chache: za Tulasnella, Serendipita, Ceratobasidium na jamaa zao. Hapa pana jambo ambalo mkulima wa Makete, jirani na Kitulo, atalielewa upesi kuliko mtalii. Katika familia hiyohiyo ya Ceratobasidium yumo Rhizoctonia solani, anayeharibu viazi mviringo. Yale madoa meusi juu ya ganda la kiazi, yanayoonekana kama udongo lakini hayatoki hata ukisugua kwa brashi, ni mabonge ya kuvu hiyo ikijihifadhi hadi msimu ujao. Ukoo mmoja, basi, una wanaoilea okidi na wanaokidhuru kiazi. Anayetaka kugawa kuvu katika nzuri na mbaya atapata taabu sana hapa. Mimi nadhani ni afadhali kuuliza: kuvu ipi, ndani ya mmea upi, katika udongo uliofanyiwa nini?

Hapo ndipo inapoingia biashara ya chikanda. Viazi vya okidi huchimbwa, hukaushwa, hutwangwa, kisha hupikwa pamoja na karanga na magadi mpaka vigande na kukatwa vipande. Huko Zambia ni chakula kinachopendwa mjini na vijijini. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha mwaka 2003 tathmini ya biashara hiyo katika jarida la Oryx, wakionyesha kwamba viazi vilivyokuwa vikivuka mpaka kwa mwaka vilihesabika kwa mamilioni, na taarifa za namna hiyo zilisaidia kusukuma kuanzishwa kwa hifadhi. Kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja uliokufa, maana okidi hizi huhifadhi uhai wa mwaka ujao ndani ya kiazi kipya.

Uchimbaji huo ni hasara, wala siutetei. Lakini ukiutazama kwa jicho la kuvu, unatofautiana na kulima kwa namna inayobadilisha matumaini. Mchimba okidi anafukua shimo dogo, anachukua kiazi, anaacha nyasi na sehemu kubwa ya udongo ikiwa mahali pake. Kuvu nyingi za okidi zinaweza kuendelea kuishi kwa kula mabaki ya mimea, hata okidi yenyewe isipokuwepo. Mbegu ikiletwa na upepo kutoka kilima cha jirani, mlezi bado yupo. Uwanda uliolimwa, ukatiwa mbolea na kunyunyiziwa dawa ya ukungu wa viazi kwa misimu kadhaa, hauna uhakika huo. Katika ule wa kwanza umeondoa mtoto. Katika huu wa pili umeondoa na nyumba aliyozaliwa.

Tunahesabuje?

Swali la utajiri wa kuvu lina historia ya makadirio yaliyokwenda mbali kuliko ushahidi. Mwaka 1991 David Hawksworth alikadiria kuwa dunia ina spishi milioni 1.5 za kuvu. Alianza na Uingereza, ambako kwa kila spishi moja ya mmea zilijulikana kama sita za kuvu, kisha akaupeleka uwiano huo duniani kote. Mwaka 2017 yeye na Robert Lücking walipandisha makadirio hadi kati ya milioni 2.2 na 3.8. Zilizoelezwa rasmi hadi leo ni kiasi cha 150,000. Inavutia kuchukua mimea 350 ya Kitulo, kuzidisha kwa sita, na kutangaza spishi 2,100. Tusifanye hivyo. Leho Tedersoo na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2014 uliochukua udongo kutoka sehemu 365 duniani, waligundua kwamba uwiano wa kuvu kwa mimea hupungua kadiri unavyoelekea ikweta. Mimea huongezeka kwa kasi kuliko kuvu. Kipimo cha Uingereza hakivuki Sahara.

Siku hizi mtafiti hahitaji kuusubiri uyoga utoke. Anachukua udongo kiasi cha kijiko, anatoa DNA yote iliyomo, anasoma kipande kimoja cha jeni ambacho tangu mwaka 2012 kinakubalika kama alama ya utambulisho wa kuvu, na kulinganisha matokeo na hazina za kumbukumbu kama UNITE iliyoko Estonia. Njia hii imefungua macho, lakini ina udhaifu ambao msomaji wa takwimu zake anapaswa kuujua. Kipande hicho hakizitenganishi vizuri kuvu za mikoriza ya abaskula, hivyo wanaozichunguza hutumia kipande kingine. DNA ya kuvu iliyokufa hukaa udongoni kwa muda. Na "spishi" inayotajwa katika majedwali mara nyingi ni kundi la mfuatano wa herufi unaofanana kwa asilimia 97 au zaidi, bila jina wala sura. Hata njia ya zamani ya kuchuja udongo kwa chekeche na kuhesabu spora ina mtego wake: kuvu iliyo taabani inaweza kutoa spora nyingi kuliko iliyostarehe, kwa hiyo wingi wa spora hauthibitishi afya.

Afrika Mashariki haijakaa kimya. Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa mwaka 2003 kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania, pamoja na majina na matumizi ya wenyeji. Katika muongo huohuo, mradi wa kimataifa ulioratibiwa kutoka Nairobi ulichunguza viumbe vya udongoni katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Uganda. Kwa Kenya kazi ilifanyika Embu na Taita. Kilimanjaro nako kumefanyiwa utafiti mpana wa athari za mwinuko na matumizi ya ardhi. Ukiangalia kwa makini, hata hivyo, utaona juhudi zilielekezwa kwenye uyoga unaoonekana, kwenye misitu na kwenye mashamba ya miinuko ya kati. Nyasi za juu zilibaki pembeni, na wala si kwa bahati mbaya: mtafiti wa misitu hakuziona ni msitu, na mtafiti wa kilimo hakuziona ni shamba.

Mwaka 2025 kundi linalojishughulisha na mitandao ya chini ya ardhi, SPUN, lilichapisha katika Nature ramani ya dunia ya utajiri wa kuvu za mikoriza. Miongoni mwa maeneo yaliyotabiriwa kuwa tajiri kwa kuvu za abaskula ni milima ya Simien ya Ethiopia, ambayo ni nchi ya nyasi na baridi kama Kitulo. Chini ya asilimia 10 ya maeneo hayo tajiri yako ndani ya hifadhi. Ni kazi ya kuheshimika, ila ramani ni utabiri wa kompyuta uliojengwa juu ya sampuli zilizopo, na sampuli za Afrika ni chache. Mimi naichukulia kama ramani ya mahali pa kwenda kuchimba. Bado si ramani ya kilichopatikana.

Kuna pingamizi zito ambalo halipaswi kurukwa. Mwaka 2015 John Davison na wenzake walionyesha katika Science kwamba asilimia 93 ya aina za kuvu za abaskula walizozichunguza zilipatikana katika zaidi ya bara moja. Kama ndivyo, kwa nini tujali Kitulo? Kuvu zake si zinapatikana na kwingine? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, aina moja kuwa imeenea duniani haimaanishi kwamba kila ukoo wake unafanya kazi sawa kila mahali. Kuvu iliyozoea jalidi ya Juni na Julai na udongo unaong'ang'ania fosfeti si lazima ilingane na jamaa yake wa Morogoro. Pili, na hili ndilo kubwa, kinachotofautisha uwanda mzima na uliovurugwa ni mkusanyiko wenyewe: nani yupo na nani, kwa wingi gani, na mtandao wa nyuzi umefungamana kiasi gani. Hakuna haja ya spishi isiyopatikana popote pengine ili mahali pawe pa thamani.

Kilichovurugwa ni nini?

Ushahidi ulio wazi kuhusu jembe unatoka mbali. Mwaka 1998 Thorunn Helgason na wenzake wa York walilinganisha mizizi ya mimea ya msituni na ya mashamba yaliyolimwa, wakaona mashambani kuvu za abaskula zimebaki za aina chache sana, moja yao ikitawala. Sababu haihitaji kufikiriwa sana. Jembe la trekta hukata nyuzi kila msimu, na zinazosalia ni zile zinazoweza kuanza upya haraka. Mbolea ya fosfeti nayo huuambia mmea kwamba hauhitaji tena kulipa sukari kwa huduma hiyo.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa malisho ya zamani ya Wales na Scotland. Humo huota uyoga wa Hygrocybe, mwekundu, wa njano na wa waridi, wenye utelezi kama nta. Spishi zake kadhaa zimo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ambayo mwezi Machi 2025 ilivuka kuvu 1,000 zilizotathminiwa, 411 kati yake zikiwa hatarini. Malisho hayo hayakuwahi kuwa pori tupu. Kondoo wameyala kwa karne nyingi, mfululizo, mpaka nyasi zimekuwa fupi. Kilichoyaokoa ni kwamba hayakulimwa wala kutiwa mbolea. Yakilimwa mara moja, uyoga huo huchukua miongo kurudi, ikiwa utarudi.

Tukirudi Kitulo na kipimo hicho mkononi, picha inabadilika. Uwanda huu una historia ya mifugo, na shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa bado lipo jirani na hifadhi. Moto hupita karibu kila kiangazi. Lakini moto wa nyasi hukimbia; joto lake halizami, na sentimita chache chini ya majivu udongo hubaki bila kubadilika sana. Siusifu moto wa kiholela, maana ukirudiwa vibaya unafunua udongo kwa mmomonyoko. Nasema tu kwamba moto na ukwato si sawa na jembe. Sehemu ambazo viazi au pareto vililimwa zamani na kuachwa zinaweza kuonekana za kijani na zenye maua machache mazuri, na bado zikawa ndizo zilizoharibika kuliko kilima cheusi kilichoungua wiki iliyopita.

Hapo ndipo ninapopatwa na wasiwasi kuhusu miti. Kwa muda mrefu nyanda za nyasi za milimani zilidhaniwa kuwa mabaki ya misitu iliyokatwa na kuchomwa na watu, kwa hiyo kupanda miti juu yake kulionekana ni kurudisha haki. Chavua ya kale iliyohifadhiwa katika vinamasi vya uwanda wa Nyika huko Malawi, iliyochunguzwa na Michael Meadows, inaonyesha vingine: nyasi zilikuwa sehemu kubwa ya mandhari ile maelfu ya miaka kabla ya kilimo. Ni nyasi za asili, zenye haki ya kuwa nyasi.

Mipaina, au misindano kama wengine wasemavyo, inakuja na kuvu zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitalu vya mipaina katika nchi nyingi za Afrika vilidumaa na kuwa njano mpaka wataalamu wa misitu walipoleta udongo kutoka penye mipaina iliyokomaa. Kuvu zilizokosekana zilikuwemo katika udongo huo. Tangu hapo zimesafiri na miche: chini ya mipaina ya Nyanda za Juu utaokota Suillus, uyoga wa kuliwa wenye matundu badala ya mikunjo, na utakuta Amanita muscaria mwekundu wenye madoa meupe, ambao hauliwi. Zote ni za kigeni, na ni kuvu za aina nyingine kabisa. Nyasi haziwezi kufanya nazo ushirika wa mizizi.

Huko Ecuador, katika nyasi za juu za Andes ziitwazo páramo, Ignacio Chapela na wenzake walipima mwaka 2001 kilichotokea baada ya mipaina kupandwa. Katika muda usiofika miaka 20, udongo ulikuwa umepoteza hadi asilimia 30 ya kaboni yake, na watafiti walielekeza kidole kwa kuvu zilizokuja na mipaina. Páramo na Kitulo vinafanana kwa mambo muhimu: majivu ya volkano, baridi, mboji nyeusi. Mti unaopandwa ili kuhifadhi kaboni unaweza, katika udongo wa namna hii, kuitoa ile iliyokuwa imehifadhiwa tayari. Kabla ya mtu kuuza hewa ya ukaa kutoka mlima wa nyasi, apime udongo, si shina peke yake.

Sisemi mipaina iondoke. Kaya nyingi za Makete, Njombe na Mufindi zimesomesha watoto kwa mbao, na Sao Hill ni shamba la miti lenye umuhimu wa kitaifa. Mashamba ya zamani yaliyochoka yapo, na mpaina unaota vizuri huko. Ugomvi wangu ni na mche unaopelekwa kwenye nyasi za kale kwa kuwa hakuna aliyezihesabu kama kitu. Hatari hiyo iko hasa nje ya hifadhi, kwenye vipande vidogo vya nyasi juu ya matuta na vilele vya Kipengere na Poroto, vilivyosalimika kwa sababu ya mwinuko na mawe. Vipande hivyo, nadhani, ndivyo vyenye udongo mzima kuliko hata baadhi ya sehemu zilizo ndani ya mipaka ya hifadhi ambazo ziliwahi kulimwa.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi: kuchora, kijiji kwa kijiji, nyasi zipi hazijawahi kulimwa. Wazee wanajua, na picha za anga za zamani zitathibitisha. Ya pili ni kuchukua sampuli za udongo humo na kuzisomea nchini, vyuo vyetu vishiriki tangu mwanzo badala ya kuwa wasafirishaji wa mifuko ya udongo kwenda maabara za nje. Ya tatu ni ya maofisa wa ardhi na misitu wa wilaya. Yeyote anayeomba kilima cha nyasi ili apande miti aulizwe hapa palikuwa na msitu lini, na aonyeshe ushahidi. Akikosa, apewe shamba lililokwisha kulimwa.